Nusu ya Uso Wangu Ilipolala

Kama umejifungua juzijuzi, na asubuhi ya leo uji umekutiririka pembeni mwa mdomo bila wewe kuhisi, keti kwanza. Ninaandika kwa ajili yako. Mimi uji ulinilowesha gauni hadi mapajani kabla sijajua kuna kitu kimeharibika.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kumzaa Ifrah, mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa nyumbani kwa mama mkwe wangu, hapa mtaa wa Wabera, kwa sababu kwetu sisi Wasomali mama aliyejifungua hukaa ndani arobaini yake. Analishwa, anakandwa, anafukiziwa ubani, na watu wengine ndio wanaofikiria mambo ya makaa na maji. Mume wangu, Mohamud, ni dereva wa lori la mizigo, anakwenda Moyale na kurudi, na siku hiyo alikuwa safarini. Nyumbani tulikuwa mimi na mtoto, mama mkwe ambaye sote tunamwita Hooyo, yaani mama, na wifi yangu Nimo.

Jana yake nilihisi maumivu nyuma ya sikio la kushoto. Nikadhani ni shingo tu, maana nilikuwa nanyonyesha nimeinama kila saa. Asubuhi Nimo akaniletea uji, nikanywa, ukamwagika. Nimo akacheka, akisema bado nina usingizi. Mimi nami nikacheka. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Aliniangalia, akaweka kikombe chini, akaenda kumwita mama yake.

Mlangoni kulikuwa na kioo. Niliinuka nikaenda kujitazama nikiwa na mtoto begani. Upande wa kulia ulikuwa mimi. Upande wa kushoto ulikuwa umeteremka, jicho limefunguka mno, pembe ya mdomo imeshuka. Nikajaribu kutabasamu, nusu moja ikatabasamu na nusu nyingine ikabaki kunitazama. Nikajaribu kupandisha nyusi. Nikajaribu kupiga mluzi, ikatoka hewa tupu.

Sitasema sikuogopa. Lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu ambacho sikuweza kumwambia mtu wakati huo: nilitaka kuendelea kutazama. Mimi ni mwalimu wa nasari. Kazi yangu ni kuwafanyia watoto wadogo sura, sura ya simba, sura ya mtu aliyekula ndimu. Sikuwa nimewahi kujiuliza ni nini kinachousogeza uso. Niliinua nyusi tena na tena, kama mtu anayebonyeza swichi stima ikiwa imepotea, mpaka Hooyo akaja akanishika mkono akanitoa pale.

Yeye aliona kiharusi. Hakulitamka neno hilo, lakini alinivalisha buibui mwenyewe kama mtoto, na tukapanda tuktuk hadi hospitali.

Kwenye benchi la kungojea nilifunika mdomo kwa ncha ya shela. Akina mama walikuwa wengi na watoto wao wamefungwa kwenye leso, na kila mmoja alinichungulia mara moja kisha akaangalia pembeni. Ifrah akalia. Sauti yake ikaniingia sikio la kushoto kwa ukali ambao sikuutegemea, kama sufuria imegongwa kando ya kichwa changu. Nikamhamishia upande wa kulia, ikarudi kuwa sauti ya mtoto wangu. Nikamrudisha kushoto, nikihakikisha. Hooyo akaniuliza ninafanya nini na mtoto, kumpeleka huku na huku. Nikamwambia sikio moja linasikia zaidi. Akazidi kuhesabu tasbihi yake.

Nesi alinipima presha kwanza, kwa sababu kwa mama aliyetoka kujifungua hilo ni jambo wasilolichezea. Ilikuwa sawa. Daktari, msichana mwenye sauti ya chini, aliniambia ninyooshe mikono, nikaze vidole vyake, nitembee hadi mlangoni, niseme jina langu na la mtoto. Halafu akaniambia nikunje paji la uso. Upande wa kulia ulijikunja. Wa kushoto ulibaki laini kama paji la Ifrah. Nikaona mabega ya daktari yanalegea. Ajabu, kile ambacho mimi nilikiona kibaya kuliko vyote ndicho kilichompa utulivu. Alisema si kiharusi, maana kiharusi kwa kawaida hakizuii paji kujikunja. Ni mshipa mmoja unaoendesha uso, umevimba na umebanwa, na huwapata watu wengi kidogo, wakiwemo wajawazito na waliojifungua. Wengi hupona. Alisema ninaweza kuendelea kunyonyesha hata nikiwa kwenye vidonge.

Tafadhali usichukue maneno yangu ukabaki nyumbani. Mimi sikujua tofauti, na wewe huwezi kuijua kwa kioo. Nenda wakupime siku hiyo hiyo, na kama mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki, au kichwa kinauma vibaya, mtu akukimbize.

Wakati wa vidonge ulikuwa ule wa mwisho wa kiangazi, upepo wa vumbi ukipiga mabati mchana kutwa. Nilimeza vyote asubuhi baada ya kula, na chai ikawa na ladha ya sarafu upande mmoja wa ulimi na ladha ya chai upande wa pili. Jicho langu lilikuwa halifungi. Nilitiwa matone, na nikilala Nimo alilibandika kwa plasta ya karatasi, taratibu, akishika kope kwa ncha ya kidole. Mrija wa soda ukawa kikombe changu. Ni Nimo aliyeufikiria, akarudi nao kutoka dukani bila kusema neno, akautumbukiza kwenye supu. Nilikunywa bakuli lote bila kumwaga, nikalia kwa jicho moja.

Watu wa nyumbani walianza kugawanyika. Shangazi yake Mohamud alisema ni upepo, nimepigwa nilipotoka nje kuanika nepi wakati wa magharibi. Mwingine alisema ni jicho la mtu aliyekuja kumwona mtoto. Hooyo alimleta sheikh, akanisomea, na nilifarijika kweli kweli. Kisha sheikh mwenyewe akauliza kama nimemeza dawa ya asubuhi.

Lakini Hooyo alikuwa na hofu nyingine. Alikitoa mlangoni kile kioo, akakifungia chumbani kwake. Wageni akawarudisha wakiwa getini. Siku moja akaniletea barakoa, akaniambia niwe navaa ninapomshika mtoto. Alisema mtoto mchanga ni kama unga uliokandwa, anachukua umbo la kile anachokiona. Akinitazama vile kila siku, uso wake nao utakwenda upande.

Nilimwambia haiwezekani. Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Lakini alipotoka niliivaa, maana ukweli ni kwamba sikujua. Hakuna aliyenifundisha mtoto anajifunzaje kutabasamu. Nilijiuliza kama anazaliwa nalo tabasamu limekunjwa ndani, au analiokota usoni mwa mama yake kidogo kidogo. Na kama analiokota, kwangu angeokota nini?

Mohamud alirudi kutoka Moyale barakoa ikiwa usoni mwangu. Alimbeba mtoto, akaniuliza habari zote huku akimtazama mtoto. Nilipoivua ili nile, alitazama sahani yangu. Tulikaa hivyo siku zote alizokuwa nyumbani, tukizungumza kwa adabu kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Alipoondoka tena, alikuwa akipiga simu ya video na mimi nilikuwa namwelekezea mtoto kamera, sauti yangu ikitoka nje ya picha.

Mvua zilipoanza ndipo niliporudi hospitali, safari hii kwa mtu wa kufundisha misuli. Nje ya mlango wake kuna benchi fupi, na juu yake alikuwa ameketi mzee mwenye shuka jekundu na rungu magotini. Akanisalimu, "Habari." Neno lilitoka pembeni mwa mdomo, likiwa na upepo mwingi. Nikageuka nikamwangalia. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala kama wangu wa kushoto.

Sote wawili tukaangaliana bila haya, kwa muda mrefu, vile watoto hutazamana. Halafu akasema, "Mama, tukikatwa mimi na wewe tuungwe, tunatoa mtu mmoja mzima."

Nikacheka ndani ya barakoa. Tangu siku ya uji sikuwa nimecheka. Akaniomba niitoe aone, nikaitoa, na yeye akacheka kwa nusu yake na mimi kwa nusu yangu.

Jina lake lilikuwa Lokwang, mfugaji wa upande wa Oldonyiro. Alisema uso wake umelala tangu kabla mbuzi hawajazaa, na hakuona sababu ya kusafiri kwa ajili ya uso, kwani mbuzi hawajali. Kilichomleta ni jicho. Halikuwa likifunga, naye alikuwa akitembea na mifugo kwenye vumbi, hadi likawa jekundu, kisha likaanza kuona ukungu. Aliniuliza langu nalifanyaje. Nikamweleza matone na plasta. Akaomba kuona hiyo plasta. Nilikuwa nayo mkobani, nikampa. Aliigeuzageuza mkononi, akasema kumbe ni karatasi tu. Kama kuna kitu kimoja cha kushika katika maneno yangu yote, ni hicho. Uso unaweza kungoja, jicho haliwezi.

Mtaalamu wa misuli alikuwa dada wa Kimeru anayeitwa Kinya. Aliniketisha, akagusa shavu langu hapa na pale, akanionyesha mazoezi. Pandisha nyusi, kunja pua, vuta mdomo kama unabusu, tabasamu bila kulazimisha. Alisema nisiukaze upande ulio mzima mpaka ukauvuta huu uliolala, na nifanye mbele ya kioo. Nikamwambia kioo kimefungiwa. Akauliza kwa nini, na hapo nikamweleza yote, ya barakoa na ya unga uliokandwa, halafu nikauliza swali lililokuwa limenikaa kooni.

"Mtoto ataniiga?"

"Sijawahi kuona mtoto aliyepata ugonjwa huu kwa kumtazama mama," Kinya akasema. "Lakini nimewaona watoto ambao hawaoni uso wa mtu, na hao wananitia wasiwasi. Mama Ifrah, toa hiyo kitu. Halafu mwangalie vizuri, uje uniambie umeona nini."

Hakuna mtu ambaye angeweza kunipa dawa iliyonifaa zaidi. Alinipa ruhusa ya kuchunguza.

Nilirudi nyumbani nikavua barakoa, nikamlaza Ifrah mapajani, miguu yake tumboni kwangu, uso kwa uso. Nikamtazama akinitazama. Hakushtuka wala hakulia. Macho yake yalikwenda kwanza pale mtandio unapokutana na paji, yakafuata ule mstari mweusi hadi sikioni, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Siku zilizofuata yakaanza kuingia ndani, yakalifikia jicho langu la kulia, yakakaa hapo. Kisha yakahamia kushoto, kwenye jicho lisilopepesa, yakakaa huko vilevile. Hakuwa na upande anaoupenda. Kwake mimi nilikuwa uso, basi. Nikitoa ulimi alikuwa anatulia, anafungua mdomo, anafikiri, na mara nyingine ncha ya ulimi wake inachungulia. Nikanyamaza niangalie, naye ananyamaza aniangalie. Nilikuwa na mtoto huyu wiki zote hizo na sikujua kuwa ana shughuli nyingi kiasi hicho.

Hooyo alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na bakuli la supu.

"Uko wazi," akasema.

"Nataka anione, Hooyo."

"Na akiharibika?"

"Daktari wa misuli amesema haambukizwi. Njoo uangalie mwenyewe. Njoo uone anavyotazama."

Hakuja. Aliweka bakuli chini, akaketi kitandani akinipa mgongo, na akaniambia jambo ambalo Mohamud mwenyewe hakuwa amewahi kuniambia. Kabla ya Mohamud alikuwa na mtoto wa kike. Mtoto alifika arobaini, watu wakaja wengi, wakambeba huyu na yule, na baada ya siku chache akapata joto akafariki. Wengine walisema ni jicho. Wengine walisema Hooyo hakumlinda. "Hawa wa pili," akasema, "ndio bado nawasikia."

Nilikuwa nimemwona kama mlinzi wa gereza. Sikuwa nimejiuliza analinda nini. Nikamsogelea na mtoto, nikaketi kando yake, na tukakaa. Baadaye nikamwambia nina mazoezi ya kufanya na sina kioo. Nilisema bila kumlaumu, ndivyo mambo yalivyokuwa. Alinigeukia.

"Nitakuangalia mimi," akasema.

Basi kioo hakikurudi mlangoni mpaka muda mrefu baadaye, kwa sababu hatukukihitaji. Kila baada ya swala ya alasiri, mvua ikigonga mabati, Hooyo alikaa kwenye mkeka mbele yangu akiwa na Ifrah mapajani, na mimi nikafanya sura. Bila kujua, naye alizifanya. Nikipandisha nyusi, zake zilipanda. Nikikunja pua, alikunja. Mama mkwe niliyekuwa namwona mkali kuliko mwalimu mkuu wangu alikuwa akinivutia mdomo wa busu, miwani imeshuka puani. Nimo alikuwa akipita mlangoni akishika tumbo kwa kicheko. Kila siku nilimuuliza, na kila siku Hooyo alisema, "Bado imelala." Hakunidanganya hata siku moja, na nilimpenda kwa hilo.

Siku moja nilikuwa nimechoka, titi la kulia limejaa na linauma, nikafanya mazoezi kwa kutimiza tu. Hooyo akainua mkono kunisimamisha.

"Rudia."

Nikarudia. Akasogea mpaka nikasikia harufu ya ubani kwenye mtandio wake. Akaweka kidole pembeni mwa mdomo wangu, upande wa kushoto. "Hapa," akasema. "Imepiga kidogo, kama samaki chini ya maji." Na mimi sikuhisi chochote. Yeye ndiye aliyejua kwanza kwamba ninarudi.

Tabasamu la Ifrah lilikuja siku zilezile. Nilikuwa nahangaika kukunja pua, sura yangu imekwenda pande zote, na yeye akaninyooshea uso mzima. Lilianza machoni, likafungua mdomo usio na jino, pande zote mbili sawasawa. Nililichunguza kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Lilikuwa sawa. Nikamwangalia Hooyo, naye alikuwa ameshaliona, na machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta. Sijui mpaka leo alilitoa wapi tabasamu hilo. Halikutoka kwangu, maana sikuwa nalo.

Mohamud aliporudi safari iliyofuata, Hooyo ndiye aliyesema naye. Sikusikia maneno. Alikuja chumbani, akaketi mbele yangu, akasema hakuwa ananikimbia. Alisema hakujua aangalie upande gani bila kuniumiza. Nikamwambia aangalie popote, mtoto wake anaangalia kote. Akaniangalia. Ilichukua muda, na mikono yake ilikuwa inacheza na funguo za lori, lakini hakuondoa macho.

Wakati wa baridi, ukungu ulipokuwa ukishuka asubuhi kutoka upande wa Meru, jicho lilianza kufunga. Plasta ikaachwa. Ladha ya chai ilirudi nikiwa jikoni, na nikanywa vikombe mfululizo. Nilipopiga mluzi wa kwanza, kuku wa jirani ndio waliogeuka. Nikarudi shuleni, na watoto wa nasari wakaniuliza waziwazi kile ambacho wakubwa walikuwa wamekizunguka kwa miezi. Mwalimu, mbona mdomo umekwenda kando? Nikawaambia ulilala, sasa unaamka. Wakaridhika, wakaomba sura ya simba.

Haukuamka wote. Kinya alinieleza kwamba mishipa inapoota upya mingine inapotea njia. Hivyo sasa kila ninapotabasamu, jicho langu la kushoto linajifumba lenyewe, kama namkonyezea mtu. Nilijaribu kulizuia kwa mazoezi, likapungua, halikuisha. Wauzaji wa sokoni wamenielewa vibaya mara mbili tatu. Kama lako litabaki hivyo, utazoea. Kama halitabaki, shukuru. Na ukiwa ungali kwenye miezi ya katikati, ambapo hakuna linalosogea, tafuta mtu mmoja wa kukaa mbele yako na kukuambia ukweli kila siku.

Ifrah sasa anatembea. Juzi kulikuwa na wageni, watu wa ukoo kutoka Garbatulla, na Hooyo alikuwa amewafungulia mlango mwenyewe. Mtoto alikuwa akizunguka kutoka goti hadi goti. Mgeni mmoja akampa tende, naye akamtabasamia. Jicho lake la kulia likajifumba.

Nilisimama na birika mkononi. Nikamwita, akageuka, akatabasamu tena, jicho likafumba tena, la kulia, kama vile langu la kushoto linavyoonekana kwa anayekaa mbele yangu. Kwa sekunde moja nikakumbuka unga uliokandwa. Kisha nikamwona akiinua nyusi zote mbili kwa ajili ya tende ya pili, zikapanda sawa, na akapepesa macho yote mawili sawa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amenisoma.

Mgeni akauliza mtoto amejifunza wapi kukonyeza. Wote wakamgeukia Hooyo, kwa sababu ni nyumba yake na jibu ni lake. Hooyo alimvuta Ifrah mapajani, akamfuta tende mdomoni.

"Amefanana na mama yake," akasema, na akaniomba nilete chai.